Kosa la Kuwa Wima Nchini Mlazo

Hadithi hii na isikilizwe kwa kukaa, kwa kujiegemeza, au vyovyote msikilizaji apendavyo. Ila mwenye kuumwa mgongo aruhusiwe kuisikiliza akiwa amesimama, na asiulizwe maswali.

Nakunda, mshonaji wa sare za shule kutoka milima ya Upare, aliingia nchi ya Mlazo Jumatatu asubuhi. Alifikaje huko, hilo hakupenda kulieleza hata baadaye. Alisema tu kwamba njia ni fupi kuliko tunavyodhani, na kwamba wengi wetu tumekwisha kupita nusu yake bila kujua. Alikuwa na miaka arobaini na sita, kikapu kimoja, na maumivu ya kiuno yaliyokuwa yakiingia mwaka wa tisa.

Mpakani palikuwa na kibanda, ndani ya kibanda kitanda, na juu ya kitanda afisa. Kofia yake ya serikali ilikuwa imebonyea upande wa kisogo. Hakumtazama mgeni. Alitazama dari na kuuliza maswali kana kwamba anaihoji dari yenyewe.

"Jina?"

"Nakunda Mshana."

"Kazi?"

"Mshonaji."

"Unaumwa mgongo?"

Nakunda alilelewa kumwambia ukweli mtu mwenye kofia ya serikali. "Naumwa, mwanangu. Kiuno. Mwaka wa tisa huu."

"Pole sana, mama. Umelalia upande gani?"

"Sijalala. Nimesimama."

Kalamu ya afisa ikatulia. Macho yake yalishuka kutoka darini polepole, yakapita ukutani, yakamfikia Nakunda miguuni na kupanda mpaka usoni.

"Umesimama," alisema, "na unaumwa."

"Ndiyo."

"Vyote viwili? Kwa wakati mmoja?"

Kabla hajajibiwa alivuta kamba iliyoning'inia kando ya mto wake, na kengele ikalia mji mzima.

Ndivyo Nakunda alivyoshtakiwa kwa kosa la Kuwa Wima Huku Ukiumwa, ambalo huko Mlazo ni la pili kwa uzito. La kwanza ni kuinama. Afisa alimsomea haki zake kwa upole: apewe godoro, alale juu yake mara moja, asubiri kesi bungeni siku ya Jumatano. Akipatikana na hatia atalazwa mpaka maumivu yaishe kabisa.

"Kuna mtu yamemwishia?" Nakunda aliuliza.

"Bado," afisa alikiri. "Lakini sheria yenyewe ina miaka mia moja tu."

Nakunda akaishiwa nguvu, maana kulala alikujua. Mwaka ule wa kwanza wa maumivu, majirani walimshauri alale, naye akalala miezi miwili. Alipoamka, cherehani yake ilikuwa imeshika kutu na yeye mwenyewe hakuweza kuvuka kizingiti cha nyumba yake. Mtaalamu wa viungo wa hospitali alimshika mkono, akamtembeza kutoka kitandani mpaka mlangoni, siku ya pili mpaka uani, siku ya tatu akamwachia. Tangu hapo Nakunda alijiwekea desturi. Kila uzi wa bobini ulipoisha alisimama, akajinyoosha, akatembea mpaka kwenye mpapai wa uani na kurudi. Siku nzuri alikwenda mara mbili. Siku mbaya alifika nusu ya njia na kugeuka. Lakini hakuna siku aliyoiacha, na kwa miguu hiyohiyo alikuwa amewashonea watoto sare miaka minane. Akilazwa hapa, alijua, hatainuka tena.

Kitanda chake cha magurudumu kilisukumwa na mwanamke aitwaye Riziki, wa miaka kama thelathini na minane, mwenye mikono yenye nguvu na ulimi wenye nguvu zaidi.

"Lala vizuri, mama mhalifu, usiniongezee kesi. Utakaa kwangu mpaka Jumatano."

"Hakuna jela?"

"Jela ya nini? Mtu akishalazwa kwake, umfungie wapi tena?"

Basi Nakunda akaitazama nchi akiwa chali, kama wenyeji wanavyoitazama. Milango ilikuwa mifupi, inamfika mtu kiunoni, na msukumaji huipita kwa magoti. Hapakuwa na kiti wala kigoda mahali popote, kwa kuwa kukaa kitako kulipigwa marufuku zamani kama hatua ya kwanza ya kusimama. Vitanda vilipishana barabarani, na waliolala walisalimiana, iwe asubuhi au alasiri, "Umelalaje?" na kujibiwa, "Nimelala vyema, bado naendelea." Heshima ya mtu ilipimwa kwa unene wa godoro. Kwenye kila shuka palitariziwa yai, alama ya taifa, na chini yake maneno MGONGO NI YAI.

Waliobaki wima ni watoto na wasukumaji tu. Msukumaji akisukuma sana, kiuno huanza kumuuma. Kikimuuma, hupandishwa kitandani kwa sherehe na hotuba. Kwa hiyo kila mwaka vitanda viliongezeka na wasukumaji walipungua. Serikali iliunda tume kuchunguza kwa nini vitanda vinakwenda polepole siku hizi. Tume ilifanya kazi miaka minne, ikapendekeza magurudumu yapakwe mafuta.

"Umesukuma vingapi leo?" Nakunda aliuliza.

"Kumi na kimoja. Kimoja cha waziri, na waziri hulala na kabati lake la mafaili."

Kwenye kona Riziki alisimama ghafla. Mkono wake ulikwenda kiunoni, akashusha pumzi kwa meno yaliyobana, kisha akaanza kusukuma tena akiimba wimbo kwa sauti ya juu mno.

"Kinauma tangu lini?" Nakunda alisema taratibu.

"Nini?"

"Mwanangu, nimepima viuno vya watu miaka ishirini. Kinachouma nakijua."

Wimbo ukakatika. Riziki aliangalia nyuma, akainama karibu na mto. Hata kuinama kwenyewe kulikuwa kosa la kwanza kwa uzito.

"Tangu masika," alinong'ona. "Ukisema nitalazwa. Na nikilazwa, nani atamgeuza mume wangu?"

Mume huyo, Tandiko, alilala chumbani kando ya dirisha. Miaka tisa iliyopita alinyanyua gunia la muhogo, kiuno kikalia, akalazwa. Tangu hapo alikuwa amejifunza kila ufa wa dari na kuupa jina. Darini, kama katika kila nyumba ya Mlazo, paliandikwa maneno yaleyale ya sheria: ANAYEUMWA MGONGO ALALE.

"Karibu, mama mhalifu," alisema. "Nasikia ulisimama mbele ya afisa wa watu mchana kweupe. Huna hata haya?"

"Haya ninayo. Ninachokosa ni nafasi. Sogeza mguu nipite."

Maana Riziki alikuwa amekwisha kuvuta pazia, na Nakunda ameteremka. Akaanza kukizunguka kitanda cha Tandiko, hatua fupifupi, mkono ukutani. Tandiko alimfuata kwa macho kama mtu anayemtazama mwingine akitembea juu ya kamba.

"Utakatika!"

"Nikikatika sindano iko kikapuni. Mtanishona."

"Riziki, mwambie!"

Lakini Riziki alikuwa ameingia nyuma ya mgeni, na sasa walizunguka wawili. Nakunda alimwonyesha kusimama mguu mmoja mbele mmoja nyuma anaposukuma, kukiweka kitanda karibu na mwili badala ya kukifuata kwa kupinda mgongo, na kupumzika kila baada ya nyumba tatu hata kama waziri anakoroma kwa hasira. Mzunguko wa sita wakatulia.

"Sasa wewe, baba," Nakunda alimwambia Tandiko. "Kaa ukingoni."

"Kaa kitako? Mimi? Na yai langu hili?"

"Miaka tisa umeliatamia. Limeangua nini?"

Riziki aliziba mdomo kwa kanga. Tandiko alinuna, akatazama dari, akanuna tena. Kisha akageuka ubavu, akateremsha miguu, akajisukuma kwa kiwiko. Kitu kikalia *kraa!*

"Nimevunjika!"

"Ni kitanda, wewe," alisema Riziki.

Walisikiliza wote watatu. Kilikuwa kitanda kweli. Tandiko alikaa, ameshika godoro kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa alimwona mkewe akiwa sawa naye uso kwa uso. Alipolala tena alikuwa anatabasamu, na alijitahidi kulificha tabasamu hilo ukutani.

Jumanne aliamka na kelele. "Umeniua, mama! Kinauma!"

"Kuliko juzi?"

"Kuliko juzi!"

"Sana?"

Tandiko alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Kidogo."

"Basi jana tulizidisha. Leo nusu."

"Nusu? Nilidhani utasema basi."

"Kiuno changu," Nakunda alisema akikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, "ni kama jirani mwoga. Paka akipita anapiga yowe la mwizi. Mwanzoni kila yowe nilijua nimeibiwa kila kitu. Sasa natoka, naangalia. Mara nyingi ni paka. Nampa pole jirani, naendelea na kazi yangu."

"Na siku akiwa mwizi kweli?"

"Miguu ikifa ganzi, ukashindwa hata kujua haja inakuja lini, hapo unakimbilia hospitali. Wewe una ganzi?"

"Nina woga tu."

"Huo tunao wote. Teremsha miguu."

Akakaa nusu ya muda wa jana, nyayo zake zikigusa sakafu. Kusimama alikataa. "Kesho," alisema, kama walivyosema Walazo wote tangu nchi iundwe.

Jumatano ikafika, na ikawa siku mbaya. Nakunda aliamka kiuno kimekaza kama uzi uliofungwa fundo. Alitembea mpaka dirishani na kurudi, nusu ya nusu ya desturi yake, akakubali kulazwa kitandani ili apelekwe. Riziki aliwasukuma wote wawili kwa zamu, mshtakiwa nyumba tatu, kisha Tandiko, aliyeitwa kuwa shahidi, nyumba tatu, akipumzika kati yao. Wapita njia walidhani huo ni utaratibu mpya wa mahakama.

Bunge la Mlazo ni ukumbi mmoja mpana wenye vitanda mia mbili. Wabunge huzungumza na dari, kwa hiyo hakuna anayewahi kuona anabishana na nani. Hupiga kura kwa kuinua kidole gumba cha mguu, na Spika, asiyeweza kuiona miguu yao, hutangaza matokeo kwa kukadiria. Vyama ni viwili. Chama cha Chali kinaamini kwamba mgonjwa alale chali. Chama cha Ubavu kinaamini alale kwa ubavu, na mto katikati ya magoti. Kwa ajili ya jambo hilo familia zimevunjika, na jimbo moja lilijitenga kwa miezi sita likalala kifudifudi.

"Mheshimiwa Spika," ilisema sauti kutoka safu ya nyuma, "mwanamke huyu alisimama. Swali ni moja tu: baada ya hukumu alazwe vipi? Sisi wa Chali tunasema..."

"Uongo!" ilidakia sauti nyingine. "Chali ndiyo iliyotufikisha hapa!"

"Tumefika wapi? Hatujaenda popote!"

"Ndiyo maana yangu!"

Spika Tulizo, aliyelala juu ya magodoro matatu, aligonga kengele. "Mshtakiwa, una la kusema kabla hujalazwa?"

"Ninaomba kusomewa sheria, mheshimiwa," alisema Nakunda.

Karani aliisoma kutoka darini, pale ambapo mwasisi wa nchi aliiandika kwa mkono wake, nakala zote nchini zikitoka hapo. "Anayeumwa mgongo alale."

"Endelea."

"Imeishia hapo."

Nakunda alikuwa chali kama wote, ila macho yake yalikuwa ya mtu aliyezoea kutafuta mshono uliofumuka. Baada ya neno la mwisho dari ilikuwa nyeusi kwa utando wa buibui, mnene kama blanketi, na pembeni ya utando huo wino ulitokeza.

"Haijaisha. Maneno yanaendelea chini ya utando."

"Huo ni Utando wa Taifa," Spika alisema kwa ukali. "Una miaka karibu mia."

"Kwa nini haukufagiliwa?"

Hili lilikuwa swali jipya. Wabunge walilitafakari, na jibu likawajia wote kwa pamoja, nao wakaona aibu kulitamka. Kufagia dari kunataka mtu asimame.

Nakunda alijaribu kuinuka. Kiuno kilimkamata akiwa nusu, jasho likamtoka, akarudi chini taratibu. Riziki aliona. Alichukua ufagio kutoka kona ya wasukumaji, akapanda juu ya vidole vya miguu, akaunyoosha. Haukufika. Alipungukiwa urefu wa mkono, na katika nchi nzima hakuna kiti cha kupandia, na ukumbini hakuna kitanda kisicho na mtu.

"Imetosha," alisema Spika. "Wanaokubali mshtakiwa alazwe mpaka maumivu yaishe, wainue vidole."

"Riziki," alisema Tandiko, "nipe huo ufagio."

"Lala wewe."

"Nimeshalala."

Akageuka ubavu. Akateremsha miguu. Akakaa, akavuta pumzi, akaweka mkono juu ya bega la mkewe, na akaanza kupanda. Alipanda, akapanda, na watu waliodhani amemaliza walishangaa kuona bado anaendelea. Uso ulikuwa umekunjamana kwa maumivu, lakini alipofika mwisho wa urefu wake kichwa cha Riziki kilikuwa kifuani pake.

Riziki alimtazama kutoka chini. "Nilisahau," alisema polepole, "kwamba wewe ni mrefu hivi."

"Hata mimi," alisema Tandiko, akafagia.

Vumbi la miaka mia lilishuka. Lilishuka ndani ya macho yaliyotazama juu na midomo iliyokuwa wazi kwa hoja, na bunge zima likapiga chafya. Sasa, mtu aliyelala chali akipiga chafya kwa nguvu, mwili humwinua hata asipotaka. Wabunge thelathini wa vyama vyote viwili walijikuta wamekaa kitako, wakitazamana kwa mara ya kwanza. "Kumbe ni wewe?" alisema mmoja. "Sauti yako ni kubwa kuliko wewe." Hakuna aliyevunjika. Wakajilaza haraka kabla haijaingia kwenye kumbukumbu za bunge.

Kisha karani akasoma, akisitasita: "Anayeumwa mgongo alale siku mbili, asizidishe. Siku ya tatu aamke atembee polepole, hata kama bado unauma, na jirani amshike mkono."

Mahali fulani mzee mmoja alianza kulia bila sauti. Alikuwa amelala miaka arobaini na moja.

Lakini Walazo hawakufika walipofika kwa kukosa werevu. Mbunge wa Chali alisema, na mbunge wa Ubavu akamuunga mkono kwa mara ya kwanza katika historia, kwamba sheria haiwezi kumfunga mtu kabla haijasomwa. Kwa hiyo siku mbili zianze kuhesabiwa leo. Vidole viliinuka. Spika alikadiria kwamba vimeinuka vyote.

"Mshtakiwa naye?" karani aliuliza.

Spika alinung'unika kwa muda mrefu. Nakunda alilazwa Jumatatu, alilazwa Jumanne, na leo ilikuwa siku ya tatu. "Mshtakiwa," alisema hatimaye, kama mtu anayemeza kidonge kikubwa, "anaamriwa atembee."

"Mimi nina neno," alisema Riziki. Alikuwa bado ameshikwa begani. "Nami naumwa. Tangu masika, kila siku. Leo natembea na mume wangu mpaka mpakani na kurudi. Kesho nitasukuma vitanda sita, visivyo na makabati."

"Na mimi nani atanisukuma nyumbani?" alilia Spika.

Wasukumaji wote walikuwa wameelekea mlangoni kutazama.

Safari ya mpakani ni ya nusu saa; iliwachukua asubuhi iliyobaki yote. Walikwenda watatu wameshikana mikono, Nakunda katikati, wakipumzika kila penye kivuli.

"Bado kinauma," Tandiko alisema.

"Changu pia," alisema Nakunda.

"Na changu," alisema Riziki.

"Basi kwa nini nina furaha?"

"Usiulize sana," Nakunda alisema. "Twende mpaka kwenye jiwe lile. Tukishindwa, tutageukia nusu ya njia."

Hawakugeuka. Walipoagana hapo kwenye jiwe, Riziki alimkumbatia mgeni kwa uangalifu, kila mmoja akikwepa kiuno cha mwenzake. Nakunda akaenda peke yake hatua za mwisho mpaka kwenye kibanda.

Afisa alitazama dari. "Jina?"

"Nakunda Mshana."

"Unaumwa mgongo?"

"Naumwa."

"Basi kwa nini..." Habari za bungeni zilikuwa zimekwisha kumfikia. Aliangalia mlangoni, akateremsha sauti. "Mama. Ukiwa umesimama hapo, dirishani panaonekana nini?"

Nakunda alitazama nje. "Watu wawili wanarudi mjini. Mwanamume ni mrefu sana. Wamesimama kupumzika. Mwanamke anacheka."

"Anacheka nini?"

"Inuka uone."

Afisa akakirudisha kiwiko chini ya ubavu wake, akasukuma, na kitu kikalia *kraa!* Uso ukamsawijika. Nakunda akamnyooshea mkono.

"Ni kitanda, mwanangu," alisema. "Njoo."